Ziwa Lilipofiwa, Tukaogelea Shimoni

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nina mengi ya kusema na sipendi kukatizwa.

Mmiliki mpya wa bichi, yule aliyekuja kutoka Dar na miwani yake myeusi, aliniangalia mgongoni, akaona mtoto wangu wa pili amefungwa kanga, akasema mzazi hawezi kazi ya kuokoa watu. Nikamjibu kwamba mtoto wa kwanza nilimlea hapo hapo mchangani, huku nikivuta nchi kavu wanaume wenye vitambi kama magunia ya pamba. Hakusikia. Mwenye bichi ni mwenye bichi. Nimekabidhi upondo, nimekabidhi mipira, nahamia Usagara kwa mume wangu, ambako maji ya kina kirefu kuliko yote yako kwenye pipa. Filimbi sikukabidhi. Ni yangu.

Ninyi wadogo zangu mliochukua nafasi yangu mmeniomba niwaandikie kazi inavyokwenda. Haya. Habari za mshahara sitaziandika, mtauona wenyewe. Habari za kupanda cheo ni fupi: hakuna cheo. Unaanza ukiwa dada wa filimbi, unamaliza ukiwa mama wa filimbi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na vitu viwili, divisheni foo na mimba. Nyumbani walishughulikia mimba hadi ile foo wakaisahau kabisa, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata mwaka ule. Kabula alipozaliwa, baba yake akiwa safarini na lori lake kama kawaida, nikasikia kuna mzee anafungua bichi na anatafuta mtu anayejua kuogelea.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu mjini alikuwa anafungua kitu: duka la mitumba, banda la video, saluni, kanisa. Mzee Balthazari, Mhaya mmoja msomi aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma lililokufa, yeye akafungua bichi. Alinunua kipande cha ufuko chenye mawe mawili makubwa yaliyoinamiana kama watu wanaosengenya, akapaita Mawe Mapacha, akaweka viti vya plastiki, spika mbili na friji ya soda. Siku zote alivaa suti. Alisema ufukweni ni mahali pa heshima.

Siku ya kupimwa nilikuta wanaume kadhaa wamejipanga. Nikamwamkia mzee.

"Marahaba," akasema. "Wewe umekuja kufua?"

"Nimekuja kazi ya kuogelea, mzee."

"Na huyo mtoto?"

"Huyo utanishikia."

Aliyetupima ni Mzee Masatu, Mkerewe, baharia mstaafu wa meli za ziwani. Alikuwa na kofia ya ubaharia ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa, hata akila, hata akisali. Wanaume wakaingia maji ya kifuani, wakapiga mikono kwa nguvu, vichwa juu, wanasonga mbele vizuri tu. Mimi nikajua kazi nimeikosa. Mzee Masatu akajikuna shingo.

"Hao wanatembea," akasema. "Miguu iko chini."

Na kweli. Mtawaona wengi wa namna hiyo, wadogo zangu. Mikono inaogelea, miguu inakwenda sokoni. Msiwacheke mbele ya wake zao, lakini msiwaache wapite lile jiwe dogo la kushoto, maana pale chini panaisha ghafla.

Mimi kuogelea nilifundishwa Ukerewe kwa bibi yangu. Kaka zangu walinitupa kutoka mtumbwini, wakaenda kunisubiri ng'ambo ya jiwe. Nikazunguka Mawe Mapacha nikarudi. Nilipotoka majini nikakuta Kabula amemkojolea Mzee Balthazari koti lote. Akalivua kwa vidole viwili.

"Ameajiriwa," akamwambia Mzee Masatu. "Mchukue mtoto huyu haraka."

Mzee Masatu alinifundisha kazi yote kwa maneno machache na matusi mengi. Anayezama hapigi kelele. Anayepiga kelele ana pumzi, mwache kwanza amalize sentensi. Mtafute aliyenyamaza, aliyeinua uso juu kama anayepokea komunyo. Usimwendee kwa mbele, atakupanda kama ngazi. Mwendee kwa nyuma, mkamate kidevu, mtukane, akukasirikie hadi asahau kukukumbatia. Upondo kwanza, mpira wa pili, mwili wako mwisho kabisa. Mipira yetu, mmeiona, ni ile ya ndani ya matairi ya lori. Msiijaze upepo sana asubuhi, jua la saa nane litaipasua na watu watakimbia wakidhani ni bunduki. Na kile kimdomo cha kujazia upepo kifungeni kitambaa, kinachana matumbo.

Mtu wangu wa kwanza kumwokoa alikuwa mfanyabiashara wa Nyamagana, mtu mzito, kaingia na saa mkononi. Alilipita lile jiwe dogo akiwa anatembea, chini pakaisha, akatoweka bila kuaga. Nikamfuata, nikamkamata kidevu, nikamtukana yeye na ukoo wake kama nilivyofundishwa, nikamburuza hadi mchangani. Alipomaliza kutapika akanikazia macho.

"Dada, mbona unanishikashika? Nilikuwa napumzika."

"Chini kule?"

"Ndiyo, chini. Kuna ubaridi."

Kesho yake akaja mkewe, Mama Koku, mwuza mitumba, Mhaya kama Mzee Balthazari, mwanamke wa sauti kubwa na makalio ya kujiamini.

"Mume wangu anasema alikuwa anapumzika," akaniambia. "Sasa mimi nataka unifundishe na mimi kupumzika. Maana siku akipumzika tena, nani atamtoa?"

Hapo hasira yangu ikapata kazi. Mji huu umekaa juu ya maji kama kuku juu ya mayai. Anayechota ni mwanamke. Anayefua mawe­ni ni mwanamke. Anayeosha masufuria ni mwanamke. Lakini anayejua kuogelea ni kijana wa kiume anayeuza njugu tu! Nikiwa mdogo Ukerewe niliona mama mzima amekufa kwenye maji ya kiunoni. Aliteleza, kanga ikamfunga miguu, akapapatika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu akitulia anaelea. Nikaapa Kabula wangu hatakufa hivyo. Ataogelea ziwani, ziwa lenyewe, si karai wala beseni, na ataogelea kabla hajaanza shule.

Basi tukaanza darasa la kina mama, kila Jumamosi asubuhi kabla wanaume hawajaamka na maoni yao. Mama Koku alituletea nguo za kuogelea kutoka kwenye mabelo yake ya mitumba. Yeye mwenyewe akaivaa yake juu ya gagulo, akasema mzungu aliyeishona alisahau kumalizia. Wengine waliingia na magauni ya kulalia, yakajaa hewa, wakaelea kabla sijawafundisha. Kulikuwa na kucheka pale! Na wakajua. Polepole, mmoja mmoja, wakajua kulala juu ya maji na kutazama mbingu, na mama mmoja akaniambia hajawahi kulala chali mchana bila mtu kumuuliza anaumwa nini.

Halafu vita ikaja.

Haikuja kwetu, ilikuwa kwa jirani, Rwanda, na ninyi mlikuwa bado shule lakini mnakumbuka. Mto Kagera ukawaleta waliouawa hadi ziwani. Sehemu hii naiandika kwa adabu na kwa ufupi. Mimi sikuwaona. Waliowaona ni watu wa huko juu, ndio waliowatoa majini na kuwazika, na sijasikia mtu akiwashukuru vya kutosha. Kutoka mdomo wa mto ule hadi Mawe Mapacha ni ziwa zima. Lakini hofu hailipi nauli, ilitufikia mapema kuliko gazeti.

Kwanza watu waliacha samaki. Mwanza, mji unaonuka sato hadi kanisani, ukaacha samaki! Kuku wa mwaka ule hakuna aliyefikisha umri wa kutaga. Dagaa ndio walikuwa na mjadala wao. Sokoni nilimsikia mzee mmoja akisema dagaa hana hatia, mdomo wake ni mdogo. Mwenzake akamuuliza, "Na wakichangishana?" Mzee akaurudisha mkono mfukoni, akaenda kununua maharage.

Pili waliacha maji. Bichi waliendelea kuja, maana Jumapili ni ndefu na soda ni baridi, lakini walivigeuza viti wakalipa ziwa mgongo. Hebu fikirieni: bichi nzima watu wamekaa wanatazama barabara! Disko toto likapigwa kama kawaida, watoto wakacheza kama kawaida, na mpira wa mchezo ulipoangukia majini ukaachwa huko. Baba mmoja alikuja na dumu la maji kutoka kwake ili anawe miguu iliyokanyaga mchanga wetu. Nikamuuliza maji ya wapi.

"Ya bomba," akasema kwa fahari.

Nilitaka kumuuliza bomba la Mwanza linavuta wapi, nikaona ni mteja.

Darasa langu likafa ndani ya wiki moja. Mama Koku alikuja mara ya mwisho amevaa gauni la kanisani, akasimama mbali na maji kama anayeogopa kurushiwa tope. "Mama Kabula, siwezi," akasema. "Kaka yangu yuko huko mpakani. Amezika. Anasema mikono yake haitaki kushika chakula." Nikamwambia pole. Nilikuwa na hasira lakini sina wazimu.

Wakati huo Kabula alikuwa na miaka mitano, ana miguu ya chura na ubishi wa baba yake, yuko tayari kabisa. Nikamwendea Mzee Masatu.

"Nishikie upondo, mzee. Nataka kumwingiza mtoto."

"Sishiki."

"Unaogopa maji, wewe?"

"Si wakati wake."

"Mwoga!" nikamwambia, na kwa mtu wa umri wake lile lilikuwa tusi. Hakunijibu. Akaivuta kofia yake usoni, akaenda kukaa nyuma ya friji. Mtu wa matusi asipojibu tusi, ujue kuna jambo. Nikasema basi nitamwingiza mwenyewe. Nikamshika Kabula mkono, tukaenda hadi ukingoni, nikatia mguu. Maji yalikuwa maji, yana uvuguvugu wake wa siku zote. Nikautoa mguu. Kwa hiyo msidhani najisifu.

Mzee Balthazari naye hakulala. Bichi isiyo na waogaji ni uwanja wenye friji. Siku moja nikamkuta na fundi wake wanachimba mchangani, mkabala na yale mawe mawili ya majini. Fundi alikuwa mjenzi wa visima, kona hazijui, kwa hiyo bwawa lilipokamilika lilikuwa mviringo, limesakafiwa kwa saruji, kina cha kifua cha mtu mzima, na upana wake unaupita kwa kupiga mikono mara chache tu. Juu yake mzee akasimamisha kibao: MAJI SALAMA YA BOMBA.

Bomba! Bomba letu lilikuwa linatoa maji siku likijisikia, tena kwa kukohoa. Bwawa lilijazwa alfajiri kwa pampu ya petroli, na bomba la plastiki lililofukiwa chini ya mchanga hadi ziwani. Aliyewasha pampu ni Mzee Masatu. Aliyefukia lile bomba ni mimi.

"Mzee," nikamwambia Balthazari, "hayo ni maji ya ziwa."

"Ni maji ya ziwa yaliyopita kwenye bomba, binti yangu. Na maji yaliyopita kwenye bomba yanaitwaje?"

"Basi andika na hilo la ziwa."

"Kibao ni kidogo."

Wakaja! Walikuja kama nzige. Watu waliokuwa wanatema mate wakiliona ziwa waliteremka kwenye lile shimo wakakaa bega kwa bega kama viazi kwenye sufuria, wakasifia maji ya bomba jinsi yalivyo mepesi. Baba wa dumu alisema anasikia hata dawa. Yule mfanyabiashara, mume wa Mama Koku, alifurahi kuliko wote kwa sababu mle ndani hata ukitembea chini hapaishi. Na darasa langu likarudi, wanawake wakizunguka ukutani mmoja nyuma ya mwingine, maana pa kunyooshea hapakuwepo. Ukipiga mikono kidogo tu, ukuta. Geuka. Ukuta. Geuka.

Kabula alijifunzia humo. Akajua kupumua, akajua kupiga miguu, akajua kuzunguka kama chungu kwenye bakuli la sukari. Watu wakanipongeza. Mimi moyo unachemka. Sikuapa kwamba mwanangu ataogelea shimoni! Ziwa liko pale, hatua chache, limelala kama mnyama aliyesusiwa, na sisi tumelichota kidogo tukaliwekea ukuta ili tujifanye hatujuani nalo.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja asubuhi, na aliyeyaharibu ni samaki.

Tulikuwa katikati ya somo. Wanawake wanazunguka, Mzee Balthazari amesimama pembeni na tai yake akiwasalimia, mume wa Mama Koku amekaa kwenye kiti anakunywa soda. Kabula akapiga mbizi, akaibuka na mikono miwili imefumbwa.

"Mama!" akapiga kelele. "Bomba limezaa!"

Akafumbua. Furu mdogo, mzima, anarukaruka kiganjani.

Sijawahi kuona wanawake wakitoka majini haraka namna ile, na niliwafundisha mimi. Gauni la kulalia la mtu lilibaki likielea. Mama Koku peke yake ndiye aliyebaki ndani, maji yamemfika kifuani, anamtazama yule furu, halafu anamtazama Mzee Balthazari.

"Mzee wetu," akasema taratibu. "Bomba lako linataga?"

Mzee Balthazari akanyoosha tai. "Huyo... huyo tumemweka. Kwa ajili ya mbu."

"Mbu?"

"Anakula mayai ya mbu. Ni utaalamu wa kisasa."

Mimi nikashindwa. Nikapuliza filimbi hadi mume wa Mama Koku akamwaga soda. "Uongo!" nikasema. "Hayo ni maji ya ziwa. Tangu siku ya kwanza ni maji ya ziwa. Bomba lenyewe liko chini ya mchanga hapo mnaposimama, nimelifukia kwa mikono yangu. Mmekuwa mnaoga ziwani siku zote hizi, na nguruwe wa kulipa ni kujidanganya tu!"

Hilo la nguruwe hata mimi sijui lilitoka wapi. Hasira haisahihishi insha.

Nikajua hapo kazi imekwisha, bichi imekwisha, wataondoka wote waende kuuhadithia mji. Mama mmoja akaanza kujifuta ulimi kwa kanga. Baba wa dumu, aliyekuwa amefika mapema kushika nafasi, akasema ataenda nyumbani kujisugua kwa maji safi.

"Safi ya wapi?" Mama Koku akamuuliza kutoka shimoni.

"Ya kwangu. Ya bomba."

"Bomba la kwako linavuta wapi, baba?"

Nikaona jinsi lile jambo lilivyompita usoni kama kivuli cha wingu.

"Chai ya asubuhi umekunywa?" Mama Koku akaendelea. "Uji wa watoto umepikwa na nini, mate? Sisi wote hapa tunalinywa hili ziwa kila siku, tunaliogea, tunapikia, padri anabatizia. Halafu tukifika hapa tunaligeuzia mgongo kama hatulifahamu. Mimi pia, tena mimi wa kwanza." Akanigeukia. "Na wewe ulijua ukanyamaza, lakini wewe nitakushughulikia baadaye."

Ndipo Mzee Masatu akatoka nyuma ya friji. Alisema kwa sauti ya chini hadi ikabidi tusogee.

"Mimi sikuogopa maji," akasema, akinitazama mimi. "Niliona aibu. Ziwa limefiwa. Nyumba ikifiwa, huingii ukapiga mbizi sebuleni. Unakaa nje. Unangoja matanga yaishe. Sasa haya matanga nimengoja, nimengoja, hakuna mwenye msiba wa kuyamaliza. Wenye msiba ndio hao hao waliokuja na mto."

Hata Mzee Balthazari aliacha kunyoosha tai. Mimi nilikuwa nimemwita mwoga, na nikamwomba radhi papo hapo, mbele za watu.

Mama Koku akapanda kutoka shimoni, gagulo linachuruzika. "Kaka yangu amewazika," akasema. "Aliyezikwa ana haki ya kumaliziwa matanga. Kama wa kwao hawapo, tupo sisi tuliowapokea. Jumamosi ijayo tunapika hapa. Mzee Balthazari, sufuria ni zako."

"Kwa nini zangu?"

"Kwa sababu ya utaalamu wa kisasa."

Jumamosi ile mji mzima ulikuwa umesikia, na nusu walikuja kuona nani atakufa. Hakukuwa na spika wala disko. Tulipika wali, tukapika maharage kwa wenye hofu, na katika sufuria moja kubwa Mama Koku akapika sato kwa nyanya na ndimu. Alisema tanga haliishi kwa maharage. Akasali kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili, sala fupi ya kuwaombea tusiowajua majina. Mzee Masatu akashuka hadi ukingoni peke yake. Akavua kofia. Wadogo zangu, alikuwa na upara mdogo, mweupe, kama wa mtoto mchanga. Akachota maji kwa kofia ile, akanawa uso. "Poleni," akaliambia ziwa. "Poleni sana." Akaivaa tena, ikimchuruzika, akarudi akasema chakula kitapoa.

Sahani ya kwanza ya samaki ikakosa mtu. Ikapita mkono hadi mkono kama barua ya polisi, hadi ikasimama mbele ya mwenyeji, ambaye kwa heshima zote ndiye wa kupewa kichwa. Mzee Balthazari akakitazama kile kichwa, nacho kikamtazama.

"Huyu," akauliza, "amevuliwa wapi?"

"Kwenye bomba," akasema Mama Koku.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mume wake. Kicheko kikatupiga kama wimbi la meli, watu wakashika mbavu, mama mmoja akalia machozi na sidhani yote yalikuwa ya kucheka. Mzee Balthazari akacheka mwisho, kwa adabu, akabandua kipande cha shavu la samaki, akala. Akasubiri. Sote tukasubiri. Akaomba ndimu.

Baada ya chakula, Mama Koku akaivaa ile nguo yake juu ya gagulo, akaingia ziwani bila kunawa mikono. Darasa likamfuata. Mzee Masatu akaushika upondo kabla sijamwomba. Nikamshika Kabula mkono, tukatia miguu, na safari hii sikuutoa.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nililotaka kuwaachia. Mwanangu aliniponyoka, akaingia, akaanza kuogelea samba­mba na darasa zima. Akapiga mikono kidogo tu. Akageuka. Akapiga tena kidogo. Akageuka. Nikawatazama wale kina mama: wote! Ziwa lote liko mbele yao hadi mwisho wa macho, na wao wanazunguka katika duara ndogo, kila mmoja anageukia pale pale ambapo ukuta ungekuwepo. Watu ufukweni wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nikapuliza filimbi hadi masikio yakaniuma.

"Kabula! Nyoosha! Hakuna ukuta!"

Akasita. Akanyoosha mkono mbele yake kuupapasa ule ukuta. Haukuwepo. Akaniangalia, akacheka meno yote, akanyoosha.

Akaenda. Ee Mungu wangu, alivyokwenda! Akalipita jiwe dogo, akawapita kina mama, akampita mume wa Mama Koku aliyekuwa anatembea huku akipiga mikono. Mimi nalia, napiga makofi, namwambia kila aliye karibu yule ni wangu. Akayafikia Mawe Mapacha. Akaendelea. Nikapuliza filimbi. Akaendelea. Nikaita. Akaendelea, kamenyooka vile vile, kanaelekea Ukerewe kwa bibi yangu, na ndipo nikakumbuka kwamba shimoni ukuta ndio uliokuwa unamgeuza. Kurudi sikuwahi kumfundisha.

Nilitupa kanga nikiwa tayari naogelea, nikamfikia mbali nje ya mawe, bado anapiga mikono. Kwa hiyo, wadogo zangu, fundisheni na kurudi.